Mwaka Mjomba Aliponiachia Neno

Arobaini ya Mjomba Bakari ilisomwa nyumbani kwake Msambweni, na mimi nilipewa uteo na kazi ya kuchagua mchele. Nina mvi tayari, nina kazi yangu Mombasa, watu wazima na vyeo vyao hunipigia simu wakiwa wamechanganyikiwa mbele ya mashine zao, lakini kwenye ua wa shughuli mimi bado ni mtoto wa dada, naambiwa kaa pale na chagua. Nikakaa. Kando yangu wanawake walikuwa wakimenya vitunguu na kusengenya kwa sauti ya msiba, ile ya chini inayosikika mpaka barabarani. “Ndiye Mwanamisi wa kompyuta huyu,” bibi mmoja alimwambia mwenziwe, kana kwamba mimi siko. “Alipata chuo kikuu huko bara, akakataa. Alisema hawezi kumwacha mamake. Siku hizi utampata wapi msichana wa hivyo?” Hadithi hiyo naijua. Huisikia kila harusi na kila tanga, na kila mara huinamia nilichoshika mkononi nikaiacha ipite. Sijawahi kuisahihisha. Uso huniwaka, wao hudhani ni haya ya mtu anayesifiwa, basi huzidi kunisifu, nami huzidi kuchukia, kwanza wao, kisha mimi mwenyewe.

Ndipo nikaitwa ndani. Mkaza mjomba wangu, Bi Saumu, alikuwa bado yumo kwenye eda, kwa hivyo hakutoka nje. Alikaa kitandani amejifunika kanga nyeupe, chumba kikinuka udi na dawa ya kuchua. Nilimpa shikamoo, nikaketi kwenye mkeka. Akasema, bila kuzunguka, “Mjomba wako amekwenda na ile siku ya hotelini moyoni, unajua?” Nilidhani sikusikia vizuri. “Siku gani, Bi Saumu?” “Ile aliyokupeleka kwa mtu wa kompyuta. Alikuwa akisema, ‘Nilimtia mtoto aibu, Saumu. Mimi na viatu vyangu na hodi zangu. Walinicheka mimi, mtoto akaharibikiwa.’ Ndiyo maana siku ya kikao hakusema neno lake. Alijiona hana uso wa kukusemea tena. Na neno alikuwa nalo, Mwanamisi. Alitaka uende bara. Alikuwa amekwisha kukununulia sweta, aliambiwa huko kuna baridi. Nimeivaa mimi mwaka ule nilipougua kifua.” Alisema hivyo tu, akaniuliza kama mchele umetosha. Nikamwambia umetosha. Nilitoka nikapita katikati ya wale wanawake na sinia zao, nikaenda kusimama nyuma ya choo kama mtoto aliyechapwa, kwa sababu mimi miaka yote hiyo nilijua kwa yakini kwamba siku ile tulichekwa kwa ajili yangu.

Acha nieleze mwaka huo ulivyokuwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yalipotoka niliongoza shule katika hesabu. Shule yetu ilikuwa na kompyuta moja, ofisini kwa mwalimu mkuu, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya bibi harusi, na sikumbuki kuiona ikiwashwa. Lakini tulikuwa na Mwalimu Kioko. Yeye alikuwa mtu wa bara, mwembamba, mwenye hasira za karibu na kicheko cha karibu, na alipenda hesabu hadi alisahau kula. Siku moja alinipa rundo la karatasi za mtihani akaniambia nizipange kwa alama, ila kabla ya kuzigusa nimwandikie kwanza nitakavyofanya, hatua kwa hatua, ili hata mtu asiyejua chochote aweze kufuata. Niliona ni mchezo. Nikaandika. Akaketi, akayafuata maandishi yangu neno kwa neno, kama mtu asiye na akili zake mwenyewe, mpaka akafika kwenye karatasi mbili zenye alama sawa, akaganda. “Sasa?” akauliza, karatasi moja huku na moja huku. “Hukuniambia la kufanya. Nitakaa hapa mpaka Krismasi.” Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa maana nilikuwa nimeona kitu. Nilirudi nyumbani na jambo lile, nikalila na muhogo, nikalilalia. Kesho yake nilimletea njia nyingine, fupi kuliko ya kwanza, na haikuganda. Alinitazama, akasema, “Hiki unachofanya kina jina, na kuna mahali kinasomewa. Sayansi ya kompyuta. Watu watakwambia ni mashine. Wewe jua ni hesabu iliyobadilisha nguo.” Kwa hivyo wakati wa kujaza machaguo ya vyuo nilijaza hilo kwanza, na serikali ikanipa nafasi katika chuo kikuu cha bara, mbali, pahali ambapo kwetu hapakuwa na mtu aliyewahi kufika.

Siku hizo ukipata nafasi ya serikali hukuenda mara moja. Ulikaa nyumbani zaidi ya mwaka ukingoja waliokutangulia wapishe. Kwetu Bongwe mwaka wa kungoja ni mwaka wa kulima, kuchota maji na kuulizwa na kila anayepita, “Kwani hujaenda?” Ndipo ami yangu Hamisi, ndugu wa baba, alipoleta habari ya chuo cha Mombasa. Alikuwa amekiona mwenyewe, ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na alileta karatasi yao ya rangi yenye picha ya msichana mwenye buibui akitabasamu mbele ya kioo cha kompyuta. Stashahada ya teknolojia ya habari, miaka miwili, wanaanza mwezi unaokuja, na ukitaka kulala nyumbani kwa shangazi Likoni unalala. Jioni hiyo mama alipika wali wa nazi na mchuzi wa papa, akanituma ndani nikalale mapema na kichwa chepesi, yaani nisikilize ukutani. “Nieleze tofauti, shemeji,” Ami Hamisi alikuwa akimwambia mama. “Hii kompyuta na ile kompyuta. Si ni kompyuta zote? Sufuria ni ile ile, basi kuna haja gani mtoto wa kike kwenda kuipikia bara?” Mama akajibu taratibu kwamba yeye hajui, mwenye kujua ni mtoto. Nikangoja waniite. Hawakuniita, na nikashukuru, kwa sababu kule ndani nilikuwa nikijaribu kutafuta jawabu na kila nililolipata lilikuwa na neno “hesabu” ndani yake, na Ami Hamisi angeuliza, “Hesabu si umekwisha soma?”

Leo ningemjibu. Ningemwambia kuwa Mombasa ningefundishwa kuihudumia mashine ambayo mtu mwingine ameifikiria, na kule bara ningefundishwa kufikiria. Ningeweza kumwambia bila kudharau kazi yoyote, maana kazi niliyoipata kwa stashahada ile imenilisha na kuwalisha wengi, na naijua vizuri. Lakini jawabu hili nimelipata nikiwa nimechelewa mno, chini ya meza za ofisi za watu, nikichomeka nyaya huku juu yangu vijana waliosoma kile nilichokiacha wakijadiliana namna ya kufupisha njia fulani, na mimi nikiiona njia fupi kabla yao na kufunga mdomo. Hakuna atakayemuuliza aliye chini ya meza. Hapo ndipo uso huniwaka kuliko hata kwenye harusi.

Kwetu Wadigo, katika jambo zito la mtoto, baba husikilizwa, ami husikilizwa, lakini neno la mwisho ni la mjomba. Wazee walikuwa wakisema mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba, na ingawa dini na sheria zimebadilisha mengi, kwenye kikao bado watu humgeukia yeye. Mjomba Bakari alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani, mtu mrefu, mpole, ambaye alikata majani ya wageni kwa adabu kana kwamba yangeumia. Alipopelekewa shauri letu hakukurupuka. “Mimi sitasema neno juu ya kitu nisichokijua,” alimwambia mama. “Pale kazini kuna mtu wa kompyuta. Nitamchukua Mwanamisi tukamuulize.” Nilifurahi hadi nikashindwa kula. Nilidhani mtu wa kompyuta atakuwa Mwalimu Kioko wa pili.

Tulikwenda siku ambayo hakuwa na zamu. Mjomba alivaa kanzu ya Ijumaa na kofia, na Bi Saumu alitufungia mahamri kwenye kitambaa, kwa maana huendi kuomba elimu mikono mitupu. Tuliingia kwa lango la wafanyakazi, tukapita jikoni, tukapita chumba cha dobi, mpaka kwenye mlango uliokuwa wazi, na ndani baridi ya mashine ilitupiga miguuni. Kulikuwa na vijana watatu na kompyuta nyingi kuliko nilizopata kuziona maishani. Mjomba akasimama kando ya mlango, asichungulie, akasema, “Hodi.” Hakuna aliyejibu. Akasema tena. Wakaendelea kuzungumza. Akabisha ya tatu, akangoja, kisha akanigeukia akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Haya, twende zetu, mwanangu, hatukupewa ruhusa,” na akaanza kuondoka kweli, kwani ndivyo tulivyofundishwa: ya tatu isipojibiwa, unarudi bila kinyongo. Tulikuwa tumefika karibu na chumba cha dobi, kijana mmoja alipotoka mbio. “Mzee! Si muingie tu, mlango uko wazi! Hapa si kwa chifu!” Huyo ndiye aliyekuwa mtu wa kompyuta mwenyewe. Walimwita Deno.

Tulirudi. Mjomba akavua viatu mlangoni, akaviweka pamoja, vikitazama nje. Nami nikavua vyangu. Chumba kilikuwa na zulia na ubaridi na ukimya wa mashine zinazovuma, na sioni hata leo tulichokosea. Huingii mahali safi pa mtu na vumbi la njia. Mjomba akaweka mahamri juu ya sanduku moja jeupe karibu na dirisha. “Hapo usiweke, mzee, hiyo ni printa, italowa mafuta,” Deno akasema, akayachukua kwa vidole viwili. Mjomba akaomba radhi, akaeleza shida yetu kwa Kiswahili chake kilichonyooka, kwamba mtoto ana njia mbili, hii sayansi ya kompyuta na hii teknolojia ya habari, na sisi tusiojua tumekuja kwa mwenye kujua. Deno alinitazama. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu nimefanya kazi na wengi kama yeye, na huenda nimekuwa kama yeye. “Sista, ushawahi kutumia kompyuta?” Nikasema bado. “Hata kuigusa?” Bado. “Sawa, kaa hapa. Shika hiyo mausi, peleka mshale mpaka pale kwenye kona.”

Nikashika kile kidude. Nilikisukuma, mshale ukaenda, na moyo wangu ukaenda nao. Nikakisukuma zaidi. Halafu kikafika ukingoni mwa meza, na mshale haukuwa umefika konani. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba unaweza kukiinua ukakirudisha nyuma. Nikakwama pale, nikifikiri kwa bidii, kwa namna ile ya karatasi za Mwalimu Kioko: nimepewa hatua, hatua zimekwisha, sijaambiwa la kufanya. Nikasema ukweli, kwa heshima. “Samahani, meza imekwisha.” Kijana mmoja alitoa sauti kama mtu aliyepaliwa. Mwingine akageuza kiti chake akatazama ukuta, mabega yakimtikisika. Deno alijikaza. Akamwambia mjomba, “Mzee, nikwambie ukweli. Hiyo ya chuo kikuu ni ya watoto waliokua na mashine nyumbani, hao wengine watamwacha mbali. Huyu mpeleke diploma, ajifunze kuchapa, atapata kazi nzuri tu, hata risepsheni.” Mjomba akasema, “Ahsante sana, Mungu akulipe.” Tukaaga. Mimi nilitoka kwanza nikiwa na viatu mkononi, sikutaka hata kuvivaa pale. Mjomba alibaki mlangoni akivaa vyake polepole, kwa sababu ya goti lake. Ndipo kicheko kilipopasuka ndani. Nilisikia “sayansi ya kompyuta” na nikasikia “meza,” nikazidisha mwendo. Aliyosikia mjomba, aliyekuwa karibu zaidi, sikuyajua mpaka Bi Saumu aliponiambia.

Njiani hatukuongea. Mjomba alitembea mbele, na mimi nilitazama mgongo wa kanzu yake nikifikiri: amenionea aibu. Amenivalia kanzu ya Ijumaa, amenibebea mahamri, na mimi nimesema meza imekwisha. Yeye alifikiri nini sasa najua. Kama mmoja wetu angecheka tu! Tungefika Ukunda tukiwa tumelisahau. Lakini sisi ni watu wa stara, mtu akiaibika unatazama kando, na kila mmoja wetu alimtazamia mwenziwe kando njia nzima.

Majuma yaliyofuata nilikuwa nikitoa ile karatasi ya rangi na kumtazama yule msichana anayetabasamu. Mikono yake ilikuwa kwenye mashine, haijaishiwa na meza. Nilikutana na Mwalimu Kioko Ukunda, akaniita kutoka ng’ambo ya barabara, “Mwanahesabu!” nikajitia sikusikia, nikajitoma dukani kwa mtu nikauliza bei ya vitu nisivyovitaka mpaka akapita. Alikuwa ameshika vitabu viwili vikuukuu kwapani. Sijui kama vilikuwa vyangu. Nimejiambia mara nyingi havikuwa vyangu.

Kikao kilikaa Ijumaa baada ya sala, sebuleni kwetu, wanaume juu ya mikeka na wanawake upande wa mlango wa jikoni. Mama alikuwa amepika pilau la kuku, na harufu yake iliwafanya watu waongee mafupi. Baba alisema yeye hana kipingamizi chochote. Ami Hamisi akasema yale yale ya sufuria, akaongeza kwamba bara hatuna mtu, na mtoto akiugua atashikwa na nani. Hapo mama akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha wote wakamgeukia Mjomba Bakari. Nilikuwa nimeketi karibu na mama, nikimtazama yeye tu. Ningeomba kwa sauti kama ningethubutu. Nilitaka aseme “nenda.” Angelisema hilo, meza na vicheko na Deno vingekuwa si kitu, kwa sababu neno la mjomba halipingwi, hata na mimi mwenye kujiogopa. Yeye akakohoa, akatazama mkeka. “Mimi neno langu nampa Mwanamisi,” akasema. “Atakalosema yeye ndilo nililosema mimi.”

Watu walishangaa. Mjomba haachi neno; hata Ami Hamisi alinyanyua kichwa. Nami nikangoja Mjomba anitazame, aninyooshee hata jicho. Hakuinua uso. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: ameona ya hotelini, amejua siwezi, na kwa huruma yake ananipa nafasi niseme mwenyewe nisije nikasemwa. Basi nikasema. Nilisema kwa sauti nzuri, wazi, ya mtoto aliyelelewa, “Nitasoma Mombasa. Siwezi kumwacha mama.” Mama hakuwa hata amewaza kwamba namwacha; alikuwa na dada zake na afya yake. Lakini vigelegele vilipaa jikoni, Ami Hamisi akapiga goti lake kwa kofi akasema, “Huyu ndiye mtoto!” na pilau likapakuliwa. Nilikula. Kila aliyepita alinibariki kichwani, na nilikula nikibarikiwa.

Mjomba alipotaka kuondoka nilimsindikiza mpaka uani. Wanawake walikuwa karibu wakiosha sinia, na Ami Hamisi alikuwa barazani akijichokoa meno. Mjomba akasimama, akanishika bega. “Mwanamisi mwanangu, niwie radhi.”

“Kwa lipi, Mjomba?”

“Kwa ile siku ya hotelini. Mimi nili…”

Nikaona Ami Hamisi anageuza kichwa. Nikaona chumba kile chote, na baridi yake na meza yake, kinataka kuingia uani kwetu mbele ya watu walionipigia vigelegele muda si mrefu. Nikamkata kauli, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mkubwa yeyote. “Siku gani hiyo, Mjomba?” nikasema, na nikacheka kabisa. “Mimi mbona sikumbuki kitu.”

Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu hotelini. Kisha akaondoa mkono wake begani mwangu. “Basi vyema, mwanangu,” akasema, na hakunitajia tena mpaka alipokufa.